Tusiwafundishe watoto wetu kuficha bangi kwenye fomu ya serikali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Afrika Mashariki tunaoishi Maryland na Virginia, ambako kazi nyingi wanazozitamani vijana wetu hazipatikani bila kibali cha kuona siri za serikali ya Marekani.

Mwezi uliopita mpwa wangu, aliyeletwa huku akiwa mtoto na sasa ni raia, alikuwa sebuleni kwangu akijaza SF-86, ile fomu ndefu ya kuombea kibali hicho. Alipofika kifungu cha 23, kinachouliza kama mwombaji ametumia dawa za kulevya katika miaka 7 iliyopita, aliacha kuandika akamtazama mama yake. Alikuwa amevuta bangi mara chache alipokuwa chuoni. Dada yangu hakusita: “Andika hapana, mwanangu. Nani atajua?”

Namwelewa dada yangu, kwani tumekulia katika nchi ambazo msokoto mmoja humpeleka mtu jela, na kukiri mbele ya serikali ni kujitia kitanzi. Hata hivyo, ushauri ule ulikuwa wa hatari kuliko bangi yenyewe. Mwongozo unaotumika tangu Juni 2017 kuwapima waombaji unataka itazamwe hali yote ya mtu, yaani alivuta lini, mara ngapi, katika mazingira gani, na kama ameacha kweli. Na mnamo Desemba 2021 Avril Haines, aliyekuwa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa, alizielekeza idara kwamba matumizi ya zamani ya bangi yazingatiwe, lakini yasiwe ndiyo yanayoamua. Fomu yenyewe inaahidi kwamba jibu la kweli katika kifungu hicho halitatumika kuwa ushahidi dhidi ya mwombaji katika kesi ya jinai. Mwongo hana ahadi kama hiyo: kifungo chake kinaweza kufika miaka 5, na mpelelezi anayewahoji watu waliokaa naye bwenini aweza kuugundua uongo huo kwa swali moja.

Linalowaponza vijana zaidi ni maduka ya bangi yaliyojaa mitaani. Tangu Julai 1, 2023, mtu wa miaka 21 na zaidi hapa Maryland huinunua na kupewa risiti, akatoka dukani akiamini hana kosa lolote. Kwenye kibali, sheria ya jimbo haimkingi. Kinachotazamwa ni sheria ya shirikisho, na sheria ya mwaka 2008 inazikataza idara kumpa kibali mtu anayeendelea kutumia dawa za kulevya kinyume cha sheria, bangi ikiwemo. Kijana akishatia saini fomu ile, asiguse bangi tena. Kwa ambaye bado hajapata uraia mambo ni mazito zaidi, kwa sababu kukiri kuvuta bangi mbele ya maofisa wa uhamiaji kunaweza kuliharibu ombi lake, hata kama aliinunua dukani kwa halali ya jimbo. Huyo amwone wakili kabla ya kujaza chochote.

Mpwa wangu aliandika ndiyo, akataja miezi na idadi, akaongeza kwamba ameacha na hatarudia. Bado anasubiri majibu, na mama yake hana usingizi. Nawaomba wazazi wenzangu, kabla ya kumwambia mtoto aandike nini, mkae naye mkisome kifungu hicho hadi mstari wa mwisho.

Mzazi,
Silver Spring, Maryland, Marekani