Mtoto anayeomba ganda la mkate

Mhariri,

Ninapika katika shule ya msingi hapa Birmingham, Uingereza. Wadogo kabisa hula bure. Wakifika miaka saba mzazi hulipa, isipokuwa kipato chake kiwe cha chini mno. Kikomo kilichowekwa 2018 kilikuwa pauni 7,400 kwa mwaka. Mama aliyesafisha ofisi usiku alikipita kidogo tu, mwanawe akakosa.

Jumatatu ndiyo mbaya zaidi. Mvulana wa miaka minane huja dirishani kuniomba ganda la mkate, kwa sauti ya chini wenzake wasisikie. Kwetu Tanga mtoto wa jirani hunawishwa mikono, akaketi mkekani.

London, tangu Septemba 2023, shule za msingi za serikali huwalisha wote bure. Kwa nini si huku?

Mpishi wa shule,
Birmingham