Barua kwa mwanangu anayekwenda kuutembea mwambao

Tanga, mwisho wa Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mguu wa mama yako umepungua uvimbe na sasa anakwenda sokoni mwenyewe. Ama baada ya salamu, nimeshika kalamu kwa ajili ya ile habari uliyompa mama yako kwenye simu, kwamba likizo yako ya Julai wewe na wenzako mtaanzia Kilwa, mpande Unguja, halafu mtoke Mkokotoni kwa mashua ya mizigo hadi Pangani ili msirudi tena Dar es Salaam. Mimi hukuniambia. Ulijua nitasema nini, na ndicho ninachosema: mashua hiyo usiipande.

Safari yenyewe naiunga mkono kwa moyo wote. Umejiwekea akiba kwenye mshahara wa unesi, hukumwomba mtu hata nauli, na badala ya kwenda kukaa hotelini umeamua kuutembea mwambao mzima hadi Lamu. Nimewaambia wazee wenzangu barazani, wamefurahi. Mimi dereva wa lori miji hiyo niliiona kwa vipande, kati ya kushusha mzigo na kupakia. Na ninyi watoto, likizo zenu zilikuwa ndefu na kibini ilikuwa na nafasi. Basi nenda ukaone.

Kilwa msiipite mbio. Basi litawashusha Kilwa Masoko, hapo mlipie kibali kwanza ndipo mvuke kwenda Kisiwani. Kisiwa unakiona ukiwa gatini, mwendo ni mfupi, lakini hata huko uvae jaketi okozi kabla chombo hakijang'oa nanga, ulifunge kamba zote. Msiwe watu wa kulikalia. Mkifika Msikiti Mkuu, usiishie kupiga picha kutoka mbali. Sogea hadi uso ukaribie ukuta. Utayaona matumbawe yenyewe, vijishimo vyake vimejipanga kama yalivyo baharini, na katikati yake chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Hakuna saruji pale, na kuba bado zimesimama. Kisha tembeeni kwa miguu hadi Husuni Kubwa, jumba alilolijenga Sultani al-Hasan bin Suleiman mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya genge linalotazama bahari. Kuna birika la pembe nane ambalo sasa ni kavu. Ibn Battuta, yule msafiri wa kale, alifika Kilwa mwaka 1331, zama za sultani huyo, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri. Mali yote ile ilitokana na dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya sasa, iliyokuwa ikipita hapo ikilipiwa ushuru. Mimi niliyeshinda miaka kwenye foleni za mizani nililielewa hilo upesi kuliko mambo ya wafalme.

Mkipata siku ya ziada nendeni Kilwa Kivinje. Mji umechoka, majumba yamepasuka, miti imeota ndani ya vyumba. Misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikuwa ikiishia hapo, na wakati wa Maji Maji Wajerumani waliwanyonga watu hapo hapo. Hakuna wa kuwaharakisha. Magofu ya Songo Mnara ni mbali zaidi kwa maji, na Julai upepo wa kusi unavuma. Wavuvi wakisema leo hapana, iwe hapana. Msiwaongezee pesa wakubali.

Bagamoyo, kama mtapata nusu siku, tazameni magofu ya Kaole, mpite na misheni ya Wakatoliki iliyoanza mwaka 1868. Inatosha.

Unguja mtafika kwa boti ya mchana kutoka Dar es Salaam, na hiyo sina neno nayo, ina orodha ya abiria na kila mtu ana kiti. Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani, usiende na matumaini makubwa. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, lakini sehemu ya mbele iliporomoka Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati. Mimi niliwahi kuingia ilipokuwa nzima na ninasikitika kwamba wewe hutaiona nilivyoiona. Mkunazini nenda asubuhi kabla ya makundi ya wageni. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa juu ya uwanja wake. Nje kuna shimo, ndani yake zimesimama sanamu za watu wenye minyororo shingoni, na wewe unawatazama kutoka juu kama wanunuzi walivyowatazama. Nilisimama pale hadi utingo wangu akaja kunitafuta. Jioni Forodhani mle urojo, lakini bei iulizeni kabla ya sahani kujaa.

Sasa narudi pale pale. Kutoka Unguja kuja huku, rudi Dar es Salaam kwa boti hiyo hiyo ya mchana, upande basi la Tanga. Najua utasema ni kuzunguka, ni nauli mara mbili, ni siku moja imepotea. Tofauti ya nauli nitakutumia mimi. Septemba 2011, MV Spice Islander ilikuwa ikielekea Pemba usiku, imebeba watu kupita uwezo wake, ikazama karibu na Nungwi. Sina haja ya kukukumbusha mtaa wetu ulivyokuwa wiki ile. Na usiniambie kwamba ninyi mtasafiri mchana, maana MV Skagit ilizama mchana kweupe karibu na Chumbe, Julai 2012, upepo ukivuma kama utakavyovuma Julai hii. Hizo zilikuwa meli, mwanangu, zina nahodha na redio. Hiyo mashua imepakia magunia na mitungi ya gesi, abiria wanakaa juu ya mzigo, na ikipinduka hakuna karatasi popote yenye jina lako. Unajua kuogelea, hilo silipingi, umekulia Raskazone na kaka zako walikuwa hawakufikii. Lakini katikati ya mkondo wa Unguja mtu haogelei kufika popote, anaelea hadi aokotwe, na kuokotwa kunahitaji mtu anayejua kwamba ulikuwemo.

Ukifika hapa Tanga wapeleke wenzako Amboni. Wewe mapango hayo unayajua kuliko mimi. Wapeleke na Tongoni wakayaone makaburi ya kale, na Pangani waone mto unavyoingia baharini. Huko ndiko Wajerumani walikomnyonga Abushiri, kiongozi wa watu wa Pwani waliowapinga, Desemba 1889. Pangani nendeni kwa basi.

Mombasa mtapitia mpaka wa Horohoro, kwa hiyo pasi za kusafiria ziwe mkononi, zisiwe ndani ya begi lililofungwa juu. Likoni watu hushuka basini wakavuka na feri kwa miguu, bila malipo. Simameni sehemu ya watu, msikae ndani ya gari lolote, na feri ikionekana imejaa subirini nyingine, haichelewi. Waliopanda feri ya Mtongwe iliyozama mwaka 1994 nao walikuwa wanakwenda ng'ambo tu, karibu kabisa.

Ngome ya Fort Jesus Wareno waliianza mwaka 1593, na Waomani walikuja kuizingira kuanzia 1696 hadi 1698. Kaa juu ya ukuta wa upande wa bahari utaelewa kwa nini iliwachukua muda wote huo. Zile sanamu kubwa za pembe za ndovu za barabara ya Moi kila mtu anapiga picha chini yake, pigeni nanyi mwende zenu. Mimi ningewapa muda mrefu zaidi Mji wa Kale, mzitazame milango na roshani, mnywe kahawa ya buli.

Kaskazini zaidi, karibu na Watamu, kuna magofu ya Gede. Kati ya yote niliyoyaona barabarani, huo ndio mji ulionishika. Umo ndani ya msitu, mbali na maji, una misikiti, kasri, visima, hata vyoo vya ndani, na kaburi lenye mwaka uliochorwa, sawa na 1399. Vyombo vya Kichina vilichimbuliwa pale. Watu wake waliondoka, na wataalamu bado wanabishana juu ya sababu. Mwaka 2024 UNESCO waliuingiza katika urithi wa dunia, nilisikia redioni nikafurahi kana kwamba ni nyumba yetu. Mizizi ya mibuyu na mikuyu imezikumbatia kuta, na kima wanashuka hadi miguuni pako, kwa hiyo usitembee na ndizi mkononi.

Lamu sikuwahi kuvuka. Nilikuwa naishia Mokowe, nashusha mzigo, naiona ng'ambo na punda wake wakipita ufukoni. Kwa hiyo huko utanisimulia wewe. Sharti ni moja, basi la mchana kutoka Malindi, na boti ya Mokowe iwe na jaketi la kila abiria. Hesabu watu, kisha hesabu majaketi. Yakipungua hata moja, shukeni. Nahodha akikasirika mwache akasirike. Idi hukuja nyumbani, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa zamu. Hili sitalinyamazia.

Mama yako anataka halua ya Unguja, ile nyeusi, na karafuu kidogo. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu, iliyobaki kaka yako ameahidi mwisho wa mwezi. Paa la jikoni fundi amebadilisha bati mbili, moja bado linavuja upande wa mnazi. Chumba cha uani tumekipaka rangi, wenzako watalala humo na wewe utalala na mdogo wako. Barua hii kaka yako ataipiga picha akutumie. Ukiipata nijibu mimi mwenyewe, usimpigie mama yako, uniambie mmekata tiketi ya boti ya siku gani kurudi Dar es Salaam, na kama hao wenzako wanakula pweza.

Baba yako