Malalamiko ya kukatiwa matangazo usiku wa kuagana na Mustafa

Ngamiani, Tanga

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATIWA MATANGAZO USIKU WA KUUAWA KWA MUSTAFA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Namba ya kadi yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Alhamisi iliyopita kifurushi changu kiliisha mchana. Saa 12:15 jioni nikalipia kwa simu, pesa za maandazi. Ujumbe wa kukatwa pesa uliingia palepale na sijaufuta. Saa 2 usiku majirani saba wameshakaa mkekani, kahawa iko jikoni, kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba kadi haijalipiwa. Mmekuja kunifungulia saa 4:40. Wakati huo chaneli ile ilikuwa inaonyesha mtu anakaanga samaki.

Ni mara ya tatu mwaka huu. Mara mbili za kwanza nilinyamaza kwa sababu zilikuwa mechi za wajukuu.

Sasa niwaeleze usiku wenyewe ulikuwa usiku gani. Mustafa ninayemsema ni yule wa tamthilia ya Kituruki ya Sultan Suleiman, mtoto aliyezaa na Mahidevran. Tumeanza naye akiwa mtoto mdogo, kakua, kaota ndevu, kawa mwanamume wa kutazamika. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo mjukuu wangu wa kidato cha pili ndiye anayetusomea. Anaanza, "Bibi, anasema hivi," na wanawake wazima saba wananyamaza kumsubiri. Akikosea neno, jirani yangu mmoja humsahihisha, na Kiingereza chenyewe hakijui.

Kwamba atakufa tulikuwa tunajua. Mjukuu alishatusomea kwenye simu kuwa mwaka 1553 Sultan alikuwa njiani kwenda kupigana na Waajemi, akamwita mwanawe kambini Ereğli. Kijana akaenda, kwa kuwa anayemwita ni baba yake, akanyongewa humo humo hemani. Maneno yalikuwa yameshapikwa na Rüstem, mkwe wa Sultan. Jirani yangu alinuna siku mbili kwa habari hiyo. Lakini Ndugu Meneja, mgonjwa akiwa hana matumaini ndiyo watu hawaendi kumuaga? Sisi tulitaka tuwepo wakati anaingia hemani.

Nilipopiga simu, binti yenu aliniambia, "Mama, hilo ni igizo tu, na kesho saa 8 mchana litarudiwa." Alikuwa na adabu, simlaumu. Ila saa 8 mchana mimi niko getini kwa shule na ndoo yangu ya maandazi, na wenzangu kila mmoja yuko kwenye shughuli zake. Na hilo la igizo tu, wenyewe Waturuki hawakuliona hivyo. Kipande hicho kilipoonyeshwa kwao Februari 2014, watu walimiminika Bursa kwenye kaburi lake, mtu aliyekufa zaidi ya miaka 460 nyuma. Zama zake mwenyewe kulikuwa na askari mshairi aitwaye Yahya, akamtungia shairi la maombolezo, na Rüstem hakumsamehe kwa hilo. Sisi wa Ngamiani hatuna kaburi la kwenda wala hatukutunga shairi. Tulikuwa na saa moja ya televisheni, na tulishailipia.

Ijumaa tulipofungua tukamkuta mama yake analia. Yaani tumefika msibani, jeneza limeshatoka. Wawili waliaga mapema wakaenda kwao, na kahawa ikabaki.

Siku mbili za bure mlizoniahidi sizitaki. Ninachotaka kwanza ni maelezo: pesa iliyotoka kwenye simu yangu saa 12:15 ilikuwa wapi mpaka saa 4:40? Saa nne na dakika 25 mtu anatoka Tanga anaikaribia Dar es Salaam kwa basi. Msinijibu kwamba "mtandao ulikuwa chini". Hilo naambiwa kila mara, na siku ya kumaliza kifurushi mtandao huo hauchelewi hata dakika moja kunikatia.

La pili, kwa kuwa chaneli ile mnaibeba ninyi, waombeni wenye chaneli wakirudie kipande hicho usiku, na mnijulishe siku mbili kabla ili niwaite wenzangu.

Nasubiri majibu kwa siku 14. Zikipita kimya, barua hii pamoja na ule ujumbe wa malipo nitaipeleka Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano.

Mteja wenu,
Bibi wa maandazi

Tafadhali mniandikie kwa Kiswahili. Mjukuu amerudi bweni.