Risala ya Wanafunzi wa Sayansi ya Dunia na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Lindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wadogo zetu wa kidato cha tano na cha sita,

Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi tunaosimama mbele yako ni wanafunzi wa shahada ya kwanza, wazaliwa wa mikoa ya Lindi na Mtwara, tunaosoma jiolojia na sayansi ya mazingira katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Dodoma na Sokoine. Tumeomba nafasi hii kwa sababu wadogo zetu hawa watajaza maombi ya vyuo baada ya miezi michache, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba ardhi wanayoikanyaga kila siku inasomewa shahada.

Baba wa mmoja wetu alipopata habari kuwa mwanawe amechaguliwa kusoma jiolojia, alihuzunika, akauliza ni kazi gani atakayoipata mtu aliyesomea mawe. Jibu tulilompa mzee yule lilihusu maji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenzetu huyo amekulia kijiji kimoja cha Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako mvua hunyesha na bado ndoo ya maji hununuliwa. Alipokuwa darasa la tano kilichimbwa kisima kijijini kwao, mahali palipochaguliwa kwa kuwa gari la kuchimbia lingefika kwa urahisi. Maji hayakupatikana, na watu wakasema ardhi imekataa. Alikuja kuelewa akiwa mwaka wa pili wa chuo, katika somo la maji ya chini ya ardhi. Uwanda ule umejengwa kwa matabaka manene ya mchanga na miamba ya mchanga, hivyo mvua hailimbiki juu wala haifanyi mto, bali huzama hadi chini sana, ikafika kwenye tabaka lisilopitisha maji, kisha ikatokeza kama chemchemi mabondeni, kulekule ambako bibi zetu walishuka na mitungi wakapanda nayo mlima wakiwa wameibeba kichwani. Bibi zetu walijua maji yanatokea wapi. Chuo kimetufundisha yanapitia wapi, na maarifa hayo mawili yakikutanishwa hakuna haja ya kuchimba kwa kubahatisha.

Masomo yenyewe si mepesi, na hatutaki kuwadanganya wadogo zetu. Mwaka wa kwanza ni Fizikia, Kemia na Hisabati, pamoja na kutambua madini kwa rangi, ugumu na namna yanavyovunjika. Baadaye huja kazi ya uwandani, ambapo mwanafunzi hutembea juani wiki kadhaa na nyundo, dira na daftari, akichora ramani ya miamba hatua kwa hatua. Wasichana wanaifanya kazi hiyo sawasawa na wavulana. Tunalisema hili kwa sababu tumeulizwa mara nyingi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, darasani tulionyeshwa picha ya mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, yenye kimo cha zaidi ya mita 13, na mhadhiri akatuambia inatoka Tendaguru. Wenzetu kutoka mikoa mingine walitugeukia sisi wa Lindi kutaka maelezo, nasi hatukuwa nayo. Kilima hicho kiko katika mkoa huu huu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimbua pale mifupa yenye umri wa takriban miaka milioni 150, na wazee wetu waliibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, aliyeijua kazi ile kiasi kwamba mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Jina la mtu wetu limo katika sayansi ya dunia nzima, na sisi tulifika chuo kikuu bila kulisikia. Jambo hilo linatuuma.

Ipo pia gesi. Ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na ya Ghuba ya Mnazi, huko Msimbati mkoani Mtwara, mwaka 1982. Visima vya gesi vya Msimbati vimo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 kulinda matumbawe, mikoko na mazalia ya samaki, kwa hiyo mahali pamoja panamhitaji mtu anayejua mwamba unavyoihifadhi gesi na mtu anayejua tumbawe linavyokufa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na wananchi washirikishwe. Mvuvi wa Msimbati atashiriki kwa faida zaidi iwapo mezani yupo kijana wa kwao wa kumfafanulia ripoti ile kwa lugha anayoielewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi mawili. La kwanza ni usafiri wa siku moja, ili wanafunzi wa tahasusi zenye Jiografia katika shule hii wapelekwe Tendaguru kabla ya mitihani. Sisi tutawaongoza bila malipo. La pili, ambalo kwetu ni zito zaidi, ni kwamba ofisi za maji na za mazingira katika halmashauri zetu zitupokee kwa mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo ndefu. Mwaka uliopita wengi wetu tulikosa nafasi huku nyumbani, tukaenda kujifunzia mikoa ya mbali, na yule mwenzetu wa Newala alipima visima vya watu wengine ilhali cha kijijini kwao kimebaki shimo kavu. Vipimo vyake vya awali vya eneo hilo tumeviambatanisha na risala hii.

Tunaomba kuwasilisha.