Vifo vya nusu kaputi katika ukoo visifichwe

Ndugu Mhariri,

Nimestaafu kazi ya kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji. Swali nililojibiwa kwa shida kuliko yote ni hili: kwenu kuna mtu aliyefia kwenye nusu kaputi? Ndugu hutazamana, mkubwa wao akasema hakuna. Baadaye shangazi mtu hukuvuta kando akunong'oneze habari za kaka yao "aliyerogwa" mezani pa upasuaji.

Mwaka 1960 huko Melbourne, Australia, mwanafunzi wa miaka 21 aliletwa hospitali kavunjika mguu. Mguu haukumtisha, alichoogopa ni usingizi, maana jamaa zake 10 walikuwa wamekufa baada ya kupewa etha, dawa ya usingizi ya siku hizo. Wakampa halotheni, iliyokuwa dawa mpya. Mapigo yakaenda mbio, mwili ukawaka. Dawa ikakatishwa, akapozwa kwa barafu, akapona. Madaktari Denborough na Lovell wakaiandikia barua Lancet, jarida la kitabibu (barua tu, kama hii), na tatizo hilo, ambalo wataalamu huliita "malignant hyperthermia", likajulikana.

Si uchawi. Ni kasoro ya kurithi: misuli ya wenye nayo ikikutana na dawa za usingizi za kuvuta kama halotheni, aisoflureni na sevoflureni, au na suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, hufungulia kalisi (madini yanayoifanya misuli ikaze) bila kiasi. Taya hukaza, viungo hukakamaa, joto hupanda. Mzazi mmoja mwenye kasoro hiyo anatosha: kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na asikudanganye mtu kwamba alipasuliwa zamani akaamka salama. Inaweza kuzuka hata mara ya pili au ya tatu.

Dawa yake ni dantrolini. Kichupa kimoja cha kawaida kina miligramu 20 na hukorogwa na mililita 60 za maji; mtu wa kilo 70 huanza na vichupa 9. Mimi sikuwahi kukishika hata kimoja kazini. Lakini ketamini, dawa nyingine ya usingizi, tulikuwa nayo, na sindano ya ganzi ya mgongoni pia, na zote mbili haziwadhuru watu hawa. Tukiambiwa mapema tunabadili dawa, basi.

Ninachoomba hospitali zetu ni kwamba swali hilo liandikwe kwa Kiswahili kwenye fomu ya ridhaa, na aulizwe pia mzee wa familia, si mgonjwa pekee aliyelala na maumivu. Aliyenusurika naye apewe maelezo kwa maandishi, ayapeleke kwa ndugu zake wa damu na wanawe.

Muuguzi mstaafu wa usingizi,
Tanga