Wanaogawa mbegu za msaada, angalieni kitunguu kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoendesha vikundi vidogo vya hisani vya kugawa mbegu za bustani kwa wakulima wa Afrika Mashariki, pamoja na marafiki wa ng'ambo wanaozikusanya. Mbegu ya bure isiyofaa humgharimu mkulima msimu mzima, maana kitalu, samadi, maji na nguvu ni vyake.

Chukua kitunguu maji. Aina nyingi zinazopandwa Ulaya ya kaskazini husubiri mchana wenye urefu wa saa 14 au zaidi ndipo zianze kujaza kitunguu. Karibu na ikweta mchana hucheza kwenye saa 12 mwaka mzima. Mkulima atapata majani ya kupendeza na shingo nene, akichimbua hakuna kitu. Hapo hata aongeze mbolea, ni kazi bure. Zinazofaa huku ni aina za mchana mfupi, kama Red Creole au Bombay Red. Tena mbegu ya kitunguu huzeeka upesi: mwaka mmoja kwenye chumba chenye joto unatosha kuimaliza. Kwa hiyo yale mabaki ya dukani yanayokusanywa msimu ukiisha ni zawadi mbaya kuliko zote.

Kununua ndani ya nchi mbegu zitakapopandwa kunaondoa sehemu kubwa ya matatizo haya. Kama ni lazima ziagizwe nje, kibali cha kuingiza kitangulie, kisha kipelekwe kwa mtumaji ili ukaguzi wa huko ufuate masharti yake, na mzigo usafiri na cheti cha afya ya mimea. Vifurushi vya posta visivyo na karatasi hizo hukamatwa na kuteketezwa, na afisa anayeviteketeza ametimiza wajibu wake. Na kabla ya kufungua magunia ya mbegu zilizothibitishwa ili kuzigawa upya kwenye vipakiti vyenu, ulizeni taasisi za serikali zinazosimamia ubora wa mbegu: TOSCI kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Njia nyepesi ni kumwomba muuzaji afunge vipakiti vidogo yeye mwenyewe.

Anayetaka msaada udumu aanze na mchicha, mnavu, mgagani, kunde, bamia na nyanya chungu zisizo chotara, yaani zisizotokana na kuchanganya aina mbili. Hizi mkulima atajitunzia mbegu. Chotara si dhambi, ila aambiwe mapema kwamba mbegu atakazokamua kwenye nyanya ya chotara zitatoa mimea mchanganyiko isiyofanana na mama yake. Kabichi nayo haitoi maua bila baridi ya kutosha, hivyo wa ukanda wa joto atanunua kila mara. Mbegu ya mgagani iliyovunwa karibuni husinzia miezi kadhaa bila kuota. Wengi huitupa wakidhani imekufa.

Kosa la kwenye meza ya kufungashia ni kutumia kijiko kimoja kwa kila zao. Gramu moja ya nyanya ina mbegu kama 300, na bustani ya nyumbani haihitaji hata nusu yake. Gramu moja ya bamia ni mbegu kumi na tano hivi, haimalizi tuta. Mchicha wa kumwaga unataka nusu gramu hadi gramu moja kwa mita ya mraba, ukichanganywa na mchanga mkavu usirundikane. Pimeni mara moja kwa mizani ya sonara, kisha wekeni alama kwenye kizibo cha chupa, kila zao na kizibo chake.

Kabla ya kufunga, otesheni mbegu 100 za kila lundo (mbegu za mzigo mmoja zenye namba moja) kwenye karatasi laini yenye unyevu, iliyoviringishwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nyanya huhesabiwa siku ya 5 na ya 14, kitunguu siku ya 6 na ya 12. Ikiwa chini ya 70 zimeota, mimi nisingegawa. Mifuko isiyopitisha hewa inafaa kwa mbegu zilizokauka sawasawa tu, unyevu usiozidi asilimia 7 au 8. Mbegu mbichi ikifungiwa humo hufa haraka kuliko ingekuwa kwenye bahasha ya karatasi. Ghala la bati halifai hata kidogo.

Mbegu za masika ziwe mkononi mwa mkulima Februari, si Aprili. Nyanya afadhali zilenge kiangazi penye maji, kwa sababu mvua huleta bakajani, ugonjwa wa kuvu unaounguza majani.

La mwisho ni malalamiko, nayo hayakosi. Andikeni aina, namba ya lundo, tarehe ya jaribio na kikundi kilichopokea, na mbakize mbegu 50 za kila lundo ofisini. Mkulima akisema hazikuota, jaribuni hizo. Zikiota, nendeni shambani: pengine mchicha ulifukiwa sentimita tatu wakati unataka nusu sentimita, au sisimizi wamebeba, au miche iliota ikaangushwa na kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche, kwa kumwagiliwa kupita kiasi. Zikikataa na ofisini, mwandikieni muuzaji mkiitaja namba ya lundo, na mkulima apewe nyingine kabla mvua haijakatika.

Mdau wa mbegu za mboga