Picha za Gujarat zisikose majina ya mahali na ya waliojenga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie picha za India zinazochapishwa katika magazeti yetu ya Kiswahili, hususan zile za jimbo la Gujarat, ambalo kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki halijawahi kuwa nchi ya mbali. Mara nyingi picha hizo hutufikia zikiwa na maelezo ya maneno matatu au manne tu: jangwa la chumvi, India, kisima cha kale, India, msikiti wa zamani, India. Zimepigwa kwa ustadi mkubwa, lakini msomaji haambiwi ni mji gani, ni karne ipi, wala ni nani aliyejenga. Kazi yangu ni kupiga picha majengo ya kale, na kazi hiyo imenifikisha Gujarat. Ninaandika kwa sababu naamini kwamba upungufu huo unatunyima sehemu ya historia yetu wenyewe.

Chukua mfano wa Msikiti wa Sidi Saiyyed katikati ya jiji la Ahmedabad. Ni msikiti mdogo, uliojengwa mwaka 1572 hadi 1573, wakati uleule majeshi ya Akbar, mfalme wa Mughal wa kaskazini mwa India, yalipokuwa yakiiteka Gujarat, na sifa yake yote imo katika madirisha yake ya jiwe lililotobolewa na kuchongwa mithili ya lesi. Dirisha mashuhuri kuliko yote lina mti ambao matawi yake yanapindana na kusokotana hadi kulijaza tao zima, na katikati umesimama mtende. Kwa kuwa kibla cha India kiko upande wa magharibi, na dirisha hilo liko kwenye ukuta wa kibla, mpiga picha anayeingia alasiri hulikuta jua liko nyuma ya jiwe. Matawi huwa meusi, nafasi baina yake huwa nyeupe, na kila jani huonekana lilipoanzia na lilipoishia. Picha hiyo nimeiona ikichapishwa mara nyingi. Ambacho sijakiona katika maelezo yake ni kwamba Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi, mtu wa asili ya Afrika aliyewatumikia watawala wa Gujarat. Nembo ya chuo kikubwa cha biashara cha jiji hilo imetokana na dirisha lake, na jina lake limo katika kila kitabu cha watalii wanaokwenda huko, ila msomaji wa Kiswahili, ambaye angefurahi kuliko wote kulijua, hatajiwi.

Hali ni hiyohiyo kwa Masidi, Wagujarati wa asili ya Afrika, walio hai. Katika kijiji cha Jambur, karibu na msitu wa Gir wenye simba wa Asia, wanaishi watu ambao mababu zao walivuka bahari kutoka Afrika, wengine kwa utumwa, wengine wakiwa askari na mabaharia. Wanasema Kigujarati, wengi wao ni Waislamu, wanalima na kufanya vibarua kama majirani zao. Picha zao zinazosambazwa ulimwenguni karibu zote ni za wachezaji waliovaa manyoya ya tausi, wamejipaka rangi usoni, wakitumbuiza wageni. Sina neno na ngoma, ni mali yao na wanaionea fahari. Lakini mpiga picha anayeondoka Jambur bila picha ya mkulima shambani kwake, ya mama mlangoni pake au ya watoto wakitoka shule amewachukua watu hawa kama mapambo, na sisi tunaochapisha picha hizo bila kuuliza tunashiriki kosa hilo.

Majengo makubwa ya kaskazini sitayakalia sana, kwa kuwa hayakosi watu wa kuyapiga picha. Hekalu la Jua la Modhera na kisima cha ngazi cha Rani ki Vav mjini Patan, vyote vya karne ya 11, vinaelekea mashariki, na kwa hiyo vinamtaka mtu awahi asubuhi. Rani ki Vav, kilichoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, kinashuka ardhini ghorofa saba, na kwa karne nyingi kilikuwa kimefukiwa na tope la mto Saraswati. Tope hilo ndilo lililozihifadhi sanamu zake zikiwa na makali kana kwamba mchongaji ameweka patasi chini jana. Inatosha maelezo yaseme pia kwamba, kwa mujibu wa mapokeo, aliyekijengesha ni malkia Udayamati, kwa kumkumbuka mumewe, mfalme Bhima wa Kwanza.

Mahali ambapo ningependa wapiga picha wetu wakae muda mrefu ni Mandvi, bandari ya Kachchh, eneo la magharibi mwa Gujarat, iliyoko kwenye mlango wa mto Rukmavati. Huko bado majahazi ya mbao yanaundwa kwa mikono, kando ya mto, kwenye uwanja wazi. Maji yakitoka, mtu anaweza kutembea chini ya chombo kinachokaribia kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, akauona mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na mataruma, yaani mbavu zake, yamepangwa kama yanavyopangwa kwenye ufuo wa Nungwi, ila kwa ukubwa mara nyingi zaidi. Nilimtazama fundi mmoja akitia kalafati: aliusokota uzi wa pamba kwa kiganja juu ya paja, akauweka kwenye upenyo wa mbao mbili, kisha akaushindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti, akisogea kiasi cha shubiri moja kila mara, bila kuinua macho. Fundi yeyote wa pwani yetu angeweza kukaa pembeni yake na kuendelea na upenyo uliofuata. Majahazi ya kotia waliyoyaona babu zetu yakiingia na kaskazi yalitoka kwenye fukwe kama hizi. Siku hizi vyombo vya Mandvi vinakwenda kwa injini, hasa Ghuba na Somalia, na viwanja vya namna hii vikifungwa havitafunguliwa tena.

Kutoka Mandvi ukielekea kaskazini-magharibi hadi karibu mwisho wa nchi, utafika Lakhpat. Ni ngome yenye ukuta wa kilomita kama 7, uliojengwa mwaka 1801, na ndani yake leo kuna kaya chache sana. Ulikuwa mji tajiri wa biashara mpaka tetemeko la mwaka 1819 lilipobadili sura ya ardhi na tawi la mto Indus likaacha kuufikia. Wapiga picha huupenda kwa sababu ya upweke wake na mwanga wa jioni juu ya mawe, na picha zao huitwa magofu. Basi msomaji wa Unguja angeambiwa kwamba Tharia Topan alizaliwa Lakhpat! Alikuja Zanzibar akiwa kijana mdogo, akapanda hadi kusimamia forodha ya Sultani, na mwaka 1887 likawekwa jiwe la msingi la ile zahanati ya kale aliyoijengesha kwenye barabara ya Mizingani, yenye roshani za mbao zilizochongwa, ambayo kila mgeni anayeshuka bandarini huipiga picha. Tharia alifariki mwaka 1891, na jengo likamalizika mwaka 1894. Picha ya ukuta wa Lakhpat na picha ya roshani za Mizingani zikiwekwa ubavu kwa ubavu katika ukurasa mmoja, kwa majina na miaka yake, zitamfundisha mwanafunzi jambo ambalo maelezo marefu hayalifikishi.

Jangwa la chumvi la Rann nalo linastahili maelezo yaliyo kamili. Weupe wake huidanganya kamera, kwani kipimo cha mwanga huuchukulia kuwa mng'ao uliozidi na chumvi ikatoka ya kijivu, kwa hiyo mpiga picha hulazimika kuongeza mwanga kwa makusudi. Wengi wanalijua hilo. Wachache wanakwenda Rann Ndogo kuwapiga picha Waagariya, familia zinazohamia kwenye mashamba ya chumvi mvua zinapokwisha, zikavuta maji ya chumvi kutoka ardhini na kuyakwangua mabwawa kwa reki za mbao hadi msimu wa joto.

Haya si mambo ya kuahirisha. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliua watu wanaokaribia 20,000 Gujarat na kuharibu vibaya majumba ya kifalme ya Bhuj kwa muda usiofika dakika mbili. Sisi nasi tuliona sehemu ya Beit el-Ajaib ikiporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Katika mitaa ya ndani ya Ahmedabad, mji uliotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2017, familia zinahamia ng'ambo ya mto Sabarmati na nyumba za mbao zilizochongwa zinabaki bila wa kuzitengeneza. Jengo likianguka, warejeshaji huanza kwa kutafuta picha, na picha isiyo na mahali wala tarehe huwasaidia kidogo mno.

Kwa hiyo ninaomba, Mhariri, kwamba gazeti lako lisipokee picha ya Gujarat isiyotaja mahali, mwaka wa jengo na, inapojulikana, jina la aliyelijenga. Na kwamba mkipata uwezo mtume mpiga picha Mandvi, Lakhpat na Jambur. Afadhali aende kati ya Novemba na Februari, kwani wakati wa mvua za Juni hadi Septemba Rann hujaa maji. Ajue pia kwamba kuingia Rann Nyeupe kunahitaji kibali, kwa kuwa ni karibu na mpaka wa Pakistan, na kwamba kuingiza droni India kutoka nje kumezuiwa tangu mwaka 2022. Afuatane na mtu anayejua Kikachchhi, maana mafundi wa Mandvi huzungumza zaidi wakisemeshwa kwa lugha yao.

Wako katika ujenzi wa kumbukumbu zetu,

Mpiga picha, Mji Mkongwe, Zanzibar